Mgeni wa Siku Mbili katika Mji Kasoro Bahari

"Umekuja kwa nani?"

Swali hili niliulizwa mara tatu katika siku mbili nilizokaa Morogoro. La kwanza lilitoka kwa kijana wa bodaboda aliyenichukua usiku kutoka kituo kipya cha treni kule Kihonda. La pili lilitoka kwa mama aliyeandika jina langu katika daftari la nyumba ya wageni. La tatu lilitoka kwa mzee mmoja mlimani, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza kwa kunichunguza. Waliuliza kama aulizwavyo mtu yeyote aingiaye mji wa watu, ili wajue wamweke fungu gani: mkwe wa fulani, mjomba wa fulani, mzazi aliyekuja kumwona mwanafunzi, mfanyabiashara wa mpunga. Nami sikuwamo katika fungu lolote. Nilipanda boti Unguja siku ya Ijumaa, nikapanda treni Dar es Salaam, na nia yangu ilikuwa kutembea peke yangu Jumamosi kutwa, kisha Jumapili nirudi kwetu.

"Nimekuja kutembea tu," nilimjibu yule mama wa daftari. Akatabasamu, akasubiri. Alisubiri kwa sababu jibu langu, kwa Kiswahili, lilikuwa halijakamilika. Mtu hutembea kwa miguu, naam. Lakini mtu pia hutembea kwa shangazi yake, kwa rafiki yake, kwa binti yake aliyeolewa mbali. Neno ni hilo hilo moja, ila katika maana hii ya pili lina mwenyeji ndani yake. Mama yule alikuwa akingoja nimtaje mwenyeji wangu ili aifunge sentensi. Nilipokaa kimya, akaandika kitu katika ile safu ya "madhumuni ya safari" ambacho sikukiona.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba dunia ya leo imekwisha kulizoea. Mimi silioni kuwa dogo. Je, mtu ana haki ya kwenda katika mji wa watu, akautazama, akaufurahia, akaondoka, bila ya kuwa wa mtu yeyote humo na bila ya kudaiwa na mtu yeyote?

Kabla ya kuendelea inanipasa nikiri jambo. Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe. Vichochoro vyetu havipitiki kwa gari. Ni mji wa miguu, na tangu UNESCO ilipouingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, miguu inayopita mbele ya baraza yetu imekuwa ya kila taifa. Wengi wao huja mmoja mmoja, na mkoba mgongoni. Huja Ijumaa, Jumapili jioni hawapo. Nimewaona wakiupiga picha mlango wa njumu za shaba, na nyuma ya mlango ule kuna mgonjwa wa miezi sita. Nimewaona wakiwapiga picha wazee wangu wakinywa kahawa, bila ya salamu, kama kwamba wazee wale walichongwa pamoja na baraza. Kwa miaka mingi nimewahukumu watu hawa moyoni, na mara nyingine kwa mdomo. Kisha nami nikanunua tiketi. (Kama kwenda Bara kwetu sisi wa visiwani ni safari ya ndani au ya nje, Muungano wa mwaka 1964 una jibu lake, na tumbo la mtu apandaye boti wakati wa kusi lina jibu jingine.)

Wahenga walikwisha kutuwekea hesabu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, wala haimfalii mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki. Methali inamgeukia mgeni mapema kidogo, na mafundisho ya dini yanampa siku moja ya ziada, lakini yote mawili yamejengwa juu ya dhana moja: kwamba mgeni yuko nyumbani mwa mtu, na kwamba siku ya tatu itafika. Msafiri wa mwisho wa juma ameepuka vyote viwili. Hakuingia nyumbani mwa mtu, na siku ya tatu haimkuti. Huondoka asubuhi ile ambayo jembe lingetolewa nje.

Atasema, "Lakini mimi nimelipa." Kweli amelipa: kitanda, chakula, bodaboda, kibali cha kuingia msituni. Na fedha yake inasomesha watoto wa watu. Atakayeidharau na aidharau, mimi simo. Ila kazi ya malipo ni kumaliza deni. Nikishamlipa mtu, mimi na yeye tumeachana kwa salama. Jembe halikuwa malipo ya wali alioula mgeni. Lilikuwa njia ya kumwambia kwamba sasa yeye ni mmoja wa watu wa hapa, na jua la hapa na limchome.

Katika pwani yetu ya zamani jambo hili lilikuwa na utaratibu. Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331, anaeleza kwamba jahazi lilipotia nanga Mogadishu vijana walilifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, wakimkabidhi mfanyabiashara na kusema huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hakushukia pengine ila nyumbani mwa mwenyeji wake huyo, naye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara ilikuwamo, tena nyingi, lakini ilipita katika mlango wa mtu. Na Ibn Battuta huyo huyo, alipofika Mombasa, alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Na aliyoyaandika kutokana na usiku ule yangali yakinukuliwa na wanahistoria mpaka leo.

Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliliandikia suala hili mwaka 1795. Alisema kila mwanadamu, kwa kuwa uso wa dunia ni mali ya wote na ni mviringo, hata hatuwezi kutawanyika bila ya kukomea, ana haki ya kuzuru nchi ya wengine bila ya kutendewa kama adui. Lakini haki hiyo, akasema, ni ya kuzuru tu. Kuwa mgeni wa nyumba ya mtu kunahitaji mapatano mengine ya hisani. Nadhani ni tofauti nzuri, na msafiri wa siku mbili anaweza kusimama juu yake kwa usalama: nazuru tu, sidai kukaribishwa. Inachekesha kidogo kwamba aliyeandika hayo hakupata kwenda mbali na mji wake wa Königsberg. Kwa hiyo Kant hakuulizwa amekuja kwa nani.

Mji wa Morogoro niliujua kwa masikio kabla ya kuujua kwa miguu. Nani katika watu wa rika langu asiyejua kwamba huko ndiko alikotoka Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mpaka ajali ya gari ilipomchukua mwaka 1965; na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye naye barabara ilimchukua, huko Kenya, mwaka 1979? Na nani asiyejua jina la utani la mji ule, Mji Kasoro Bahari? Jina hilo lina majivuno na huzuni kwa pamoja: kila kitu tunacho, ila kile mlicho nacho nyinyi. Lakini ukisimama mjini ukatazama kusini, Milima ya Uluguru imesimama juu ya mapaa ya nyumba kama wimbi ambalo halianguki. Kilele cha Lupanga, kinachouelemea mji, kimepita mita 2,100. Kimhandu, ndani zaidi, kimepita mita 2,600. Ukungu hukaa huko juu, na katika ukungu huo huzaliwa mto Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba kila aliyewahi kushuka botini Dar akaomba maji ya kunywa, amekwisha kuwa mgeni wa Waluguru bila ya kujua.

Mji wenyewe umezoea wapita njia. Katika karne ya kumi na tisa ulikuwapo hapo mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo na kutawaliwa baada yake na binti yake, juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Babu zetu wa pwani walipita hapo na vitambaa na shanga, wengine na bunduki, na walichorudi nacho si siri. Henry Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na mtawala yule wa kike akamdai hongo. Leo neno hongo linanuka. Ni fedha anayopewa mtu kwa siri ili aisaliti kazi yake. Wakati ule lilikuwa na maana ya halali kabisa: ushuru ambao msafara uliulipa kwa mwenye nchi kabla ya kukanyaga ardhi yake na kunywa maji yake. Sijui neno jingine la Kiswahili lililoporomoka hivyo. Yamkini lilianza kuporomoka siku ile wapitao walipokuwa na nguvu kuliko wapitiwao, wakaamua kwamba kudaiwa ruhusa ni kuibiwa.

Wakaja basi wageni wa aina nyingine, ambao wao ndio waliompa mwenyeji jembe. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907. Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na katika miaka ya 1950 serikali yao ikaona kwamba Waluguru wanaiharibu milima kwa kilimo. Ikawaamuru wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko yao, watake wasitake. Nia haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli. Lakini udongo wa milima ile una tabaka jembamba la rutuba, na mwenye kuchimba ngazi huugeuza, akauleta juu ule usiozaa. Wanawake waliokuwa wakilima pale walilijua hilo. Hakuna aliyewauliza. Mwaka 1955 watu waliinuka, hasa upande wa Matombo, na mradi ukafa. Waingereza walikwisha kukaa zaidi ya miaka thelathini, na bado hawakuwa wamefika siku ya tatu.

Na wako waliofika. Jumamosi alasiri, baada ya yale nitakayoyasimulia, nilikwenda Mazimbu, nje kidogo ya mji. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge, kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa mwaka 1979 akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Wakajenga nyumba, hospitali, karakana, wakafuga na kulima. Waliondoka mwaka 1992 wakakabidhi kila kitu, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliacha pia makaburi. Sitaki kuwapamba, kwani ujenzi ule ulikuwa na jasho la Watanzania wengi wasioandikwa popote. Hata hivyo, mtu anayesimama kati ya makaburi yale hana haja ya kuwauliza waliomo kwamba walikuja kwa nani.

Sasa nirudi asubuhi ya siku ile.

Nilitoka mjini mapema, nikaufuata mto Morogoro kwenda juu, nikashika njia iendayo Morningside, ile nyumba ya mawe waliyoijenga Wajerumani mlimani. Njia inapita katika migomba na bustani za mboga, na pengine inapita uani kabisa mwa watu, hata usipopiga hodi unajiona mwizi. Palipo na kona moja juu ya korongo niliona mbele yangu mstari wa wanawake, kumi au kumi na wawili, katika kanga, kila mmoja na mzigo kichwani: kuni, ndoo za maji, mkungu wa ndizi. Jua lilikuwa linatoka nyuma ya bega la mlima. Nilikuwa sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Nikatoa simu, nikapiga picha.

Mtu wa pale asingehitaji kuambiwa. Asubuhi ya Jumamosi mizigo ya Uluguru hushuka, kwenda sokoni kwa Chifu Kingalu. Mizigo hii ilikuwa inapanda. Tena kuni hazipelekwi mlimani, hutoka mlimani. Na wanawake wale walikuwa hawazungumzi.

Nyuma yangu akatokea kijana mwenye koleo begani. "Shikamoo, mzee. Na wewe unakwenda msibani?"

Nikaitikia marahaba. Kisha, kwa aibu ya simu iliyokuwa bado mkononi, nikasema ndiyo.

Naandika hili kwa sababu ndilo kiini cha jambo langu. Sikusema ndiyo kwa wema. Nilisema ndiyo kwa sababu nilishikwa nikifanya lile lile ninalowalaumia wageni wa kwetu, na hapana ilikuwa nzito kuliko uongo. Nikamfuata kijana. Aliyekufa alikuwa bibi yake, mzaa mama. Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe, nami nikatoa mkono, nikasema pole, nikakaa mwisho wa benchi. Hapo ndipo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliponigeukia.

"Umekuja kwa nani, ndugu yangu?"

Safari hii sikuweza kudanganya. "Sikuja kwa mtu, mzee wangu. Nilikuwa napita njia."

Alinitazama kwa muda, akawasemesha wenziwe kwa Kiluguru, na baadhi yao wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Kisha akaniambia, "Basi kaa. Huku kuna mawe, na kaburi halijafika kina chake. Hawa wenyewe wamechoka."

Nikapewa jembe. Nilichimba kwa zamu yangu, dakika ishirini labda, na vijana wawili walionihurumia. Mzee akanieleza, akiwa amesimama ukingoni, kwamba Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na kwamba shamba lile lilikuwa la ukoo wa marehemu. Anarudi kwa mama zake. Walikuwa Wakristo. Wakati wa sala nilisimama kando, nikainamisha kichwa. Baada ya kufukia, mwanamke mmoja alinimiminia maji ninawe mikono. Nilimtambua kwa kanga yake: alikuwa wa nne katika picha yangu. Niliwekwa nile, nikala. Nikatoa rambirambi yangu, ikaandikwa daftarini, na mwandishi akaniuliza aandike nani. Nikasema aandike mpita njia. Akaniambia hilo si jina, nikampa jina langu.

Sipendi msomaji adhani najisifu. Lau njia ile isingekuwa na msiba, ningefika Morningside, nikashuka na picha zangu, na leo ningekuwa naandika habari za ukungu. Mwenyeji nilipewa kwa ajali, na hata ajali ile niliingia kwa uongo. Je, jembe alilopewa mtu kwa namna hiyo linahesabika? Nimelijadili hili na wenzangu barazani. Mmoja alisema nia huja baadaye, kama mtu aliyeingia msikitini kukimbia mvua akaswali. Mwingine, mkali zaidi, akasema kwamba nilikwenda Morogoro kuchukua picha nikarudi nimechukua kisa, na kwamba kukichapisha ni kupiga picha mara ya pili, tena safari hii kwa watu wengi zaidi. Sina jibu la kumtosha huyu wa pili. Nimejaribu kumwambia kwamba sikutaja jina la marehemu, naye akanijibu, kwa haki, kwamba sikulitaja kwa sababu silijui. Ni kweli. Nilichimba kaburi la mtu, na kwa haya ya kujulikana kwamba sijui nilimchimbia nani, sikuuliza jina lake.

Ila nimeanza kuwasalimia wanaopita. Si wote, wengine wana haraka. Picha sijaifuta, wala sijamwonyesha mtu.

Jumapili nilirudi kwa treni. Tangu huduma hiyo ilipoanza Juni 2024, safari iliyokuwa ikila nusu ya siku kwa basi sasa haifiki saa mbili, na mtu hapati hata wasaa wa kusinzia vizuri. Pembeni yangu alikaa mama wa makamo na kapu la ndizi. Aliona nikiutazama mkono wangu wa kulia, mahali palipotoka lengelenge, akaniuliza kama wanavyouliza watu wa huku.

"Morogoro ulikuwa kwa nani, kaka?"

Nikamwambia nilikuwa msibani.

"Pole sana," akasema, nami nikaipokea.